Kilichokuwa Ndani ya Mahameli

Wiki jana niliwaacha mnanisonya, na sikuwalaumu. Niliwaambia kwa mdomo wangu kwamba mimi, Mwanamina, mwalimu wa darsa ya wanawake hapa Voi, ndiye niliyegawa bahasha za Josephat siku tatu kabla ya uchaguzi wa mwakilishi wa wadi. Wanawake ishirini na watatu walipita mbele yangu mmoja mmoja, wakashika Msahafu uliofungwa mahameli ya kijani, wakaapa kwamba kura yao ni ya Josephat, kisha kila mmoja akapewa bahasha ya elfu moja.

Wakio, nesi wa zahanati, mgombea ambaye hakumpa mtu hata peremende, alishindwa kwa kura kumi na tisa.

Aliyekosa matoleo ya nyuma, hayo yanamtosha. Leo nawaambia nililowaficha hata nyinyi wasomaji.

Ndani ya ile mahameli hamkuwa na Msahafu. Mlikuwa na kitabu cha fundi wa lori.

Kilikuwa cha marehemu mume wangu, Mansur, aliyeendesha lori la masafa marefu miaka yote ya ndoa yetu. Ni kitabu kinene, kimejaa michoro ya injini na magurudumu, na unene wake ndio ulioniponza. Nilikifunga vizuri, nikakiweka juu ya kinara, na hakuna aliyeuliza.

Nilijiona mjanja. Nilijiambia: huu ni mwaka wa pili wa ukame, dumu la maji limepanda bei, acha wanawake wangu wachukue pesa ya Josephat. Kiapo ni cha bure, hakimfungi mtu. Siku ya kura kila mmoja atafuata moyo wake, na mioyo yao naijua, iko kwa Wakio. Sisi tutabaki na pesa pamoja na tangi la maji aliloliahidi madrasa yetu, na Wakio atapata kiti.

Hesabu yangu ilikosa kitu kimoja tu. Sikuwaambia.

Siku ya kuapa nisingeweza, kwa kuwa Fawaz, mtoto wa dada yangu na mtu wa kampeni ya Josephat, alikuwa ameketi mlangoni akitazama kila mkono unavyoshika. Lakini baada ya hapo nilikuwa na siku tatu nzima. Kila nilipotaka kufungua mdomo niliona haya. Mwalimu utamwambiaje mwanafunzi wako kwamba umemwapisha kwa kitabu cha lori? Nikanyamaza, nao wakaenda kupiga kura.

Sasa tuendelee.

Jumapili asubuhi, miezi sita tangu kura na siku nane kabla kesi yake ya kupinga matokeo haijasikilizwa, Wakio alibisha mlango wangu. Alikuja na wakili wake, Nzioka, mtu mwembamba aliyekuwa na faili lililofungwa kwa uzi wa kiatu.

"Mwalimu, sikuja kukulaumu," Wakio akasema kabla hata hajaketi.

"Kwa lipi?"

"Voi ni ndogo. Najua kulikuwa na bahasha hapa mtaani. Lakini kila shahidi niliye naye amesikia tu. Hakuna aliyeona."

Nzioka akafungua faili, akalifunga tena. "Kesi ya kupinga uchaguzi bila mtu aliyeshika ile pesa ni uvumi," akasema. "Tukimpata mmoja, uchaguzi unaweza kufutwa. Na ukifutwa hapa, kila mgombea kutoka Bomeni mpaka Mwanda atajua bahasha inaweza kumtoa kwa kiti."

Nikamuuliza Wakio kama bado anakitaka hicho kiti.

Mnakumbuka huyu ndiye aliyekuwa akibandika karatasi kila Jumamosi kwenye mlango wa duka la simu, ikionyesha kila shilingi aliyotumia kwa kampeni na imetoka kwa nani. Watu walikuwa wakisimama kuisoma na kucheka.

"Kiti hata sijui," akasema. "Walikuwa wananiuliza, wewe usiyetoa kitu sasa hivi, ukiingia utatupa nini? Sikuwa na jibu wanalolitaka. Nataka korti iwajibu."

Basi nikawaeleza yote. Bahasha, kiapo, kitabu cha Mansur. Nilipomaliza, Nzioka alikuwa amesahau kuandika.

Wakio aliuliza swali moja tu. "Bi Zubeida pia aliapa?"

"Alikuwa wa kwanza."

Akatazama kikombe cha chai nilichomtilia. Bi Zubeida ndiye mkubwa wetu kwenye darsa, na mjukuu wake wa pekee alizaliwa mikononi mwa Wakio, usiku ambao gari la wagonjwa halikufika.

"Utasimama kortini?" Nzioka akauliza.

"Na wanawake wangu?"

"Mimi namtaka aliyetoa. Majina ya waliopokea sitakuuliza."

Nikamwamini. Hakunidanganya, msimwonee. Mimi ndiye niliyedhani kwamba mahakamani mtu huulizwa na wakili wa upande wake, kisha akarudi nyumbani.

Alasiri ile ile Fawaz akaja na mkate wa sinia. Fawaz haleti mkate wa sinia bila shida.

"Khalati, nasikia Wakio alikuwa hapa na loya."

"Nyumba ina mlango. Watu huingia."

"Utanitaja?"

"Nani aliniletea zile bahasha, Fawaz?"

Aliketi mkekani, akavua kofia. Nilimlea yule kijana dada yangu alipolazwa mwaka mzima, najua akivua kofia ameogopa.

"Mheshimiwa si mtu mbaya," akasema. "Tangi la madrasa liko pale, linatoa maji. Huyo Wakio ameleta nini? Makaratasi?"

"Sikukuuliza habari za tangi."

"Sawa. Basi sikia hii. Sheria iko wazi, aliyetoa na aliyepokea wote wana makosa. Ukinitaja mimi, hao mama zako wote ishirini na watatu wako ndani pia. Umefikiria hiyo, ama Wakio amekufunika macho?"

"Hakuna atakayeuliza majina yao."

Fawaz akacheka. "Nani amekuambia?"

Sikumjibu. Laiti ningemjibu. Yeye alikuwa ameshawahi kuona kesi, na huenda kwa hasira angenieleza yaliyokuwa yakiningoja. Nilimwambia achukue mkate wake, akaondoka akauacha.

Alhamisi baada ya Alasiri niliwakusanya wanawake kwenye darsa kama kawaida. Madrasa yetu ina ukuta mmoja uliopasuka, na mbele yake sasa liko tangi jeusi la Josephat, jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe, herufi kubwa za kusomeka kutoka barabarani. Kila anayekuja kuteka maji hulisoma, atake asitake.

Sikufungua somo. Nilitoa mahameli ya kijani mkobani, nikaiweka juu ya kinara, nikaifungua mbele yao.

Safaa, aliyekuwa karibu, alinyoosha mkono akafunua kurasa mbili tatu. Akaona mchoro wa gia.

"Hiki ndicho tulichoshika?" akauliza.

"Ndicho."

Nikawaambia niliyowaambia nyinyi. Niliwaambia kiapo kile hakikuwa kiapo, na kwamba walikuwa huru siku ile yote, ila mimi sikuwaambia, na aibu hiyo ni yangu peke yangu.

Bi Zubeida alikuwa amekaa juu ya mto kwa sababu ya magoti. Alichukua muda kuelewa. Nilimwona akielewa, na natamani nisingemtazama.

"Mimi niliingia pale na kalamu," akasema taratibu. "Nikaiona picha ya Wakio kwenye karatasi. Nikalia, karani akaniuliza kama naumwa. Nilitaka kumwekea alama mtoto wa watu, nikakumbuka nimeshika Msahafu. Nikamwogopa Mungu."

"Nisamehe, Bi Zubeida."

"Kwa hivyo, Mwanamina, nilikuwa nikiliogopa lori?"

Sijawahi kutukanwa nikaumia kama nilivyoumizwa na swali hilo. Nililia mbele ya wanafunzi wangu. Wengine walilia pia, wengine walianza kusemezana, na Safaa akasema kwa sauti kwamba mume wake akijua atamwacha.

Ndipo Nasima akazungumza. Alikuwa karibu na mlango, anashona kofia, na hakuinua macho.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba si Msahafu. Ulipoingia ndani kumtilia Fawaz chai, naye akatoka kupokea simu, niliifunua ncha ya mahameli. Nikaona gurudumu."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mimi nilipata nguvu. Angalau mmoja, nikajiambia. Angalau mmoja hila yangu ilimfaa.

"Basi wewe ulimpigia Wakio," nikasema.

"Nilimpigia Josephat."

"Kwa nini, na hakuna kilichokufunga?"

Hapo akaweka sindano chini. "Nimekula chake, Mwanamina. Ile elfu ilikuwa unga na maji ya wiki nzima nyumbani kwangu. Niende nikasimame peke yangu nimkane mtu niliyekula chake? Wewe wadhani sisi twafungwa na kitabu. Mimi nafungwa na haya."

"Na Wakio?"

"Wakio hanidai kitu."

Nikawatazama wengine. Nyuso tatu nne ziliinama, na nikajua Nasima hakuwa peke yake. Hata wangejua kuhusu kitabu, hata ningewaambia siku ile ile mlangoni, bado wangempigia yule aliyewalisha.

Nimefundisha darsa miaka kumi na minne na sikuwa nimeielewa hiyo. Nilidhani Josephat ananunua tamaa, na mimi nawajua wanawake wangu si wenye tamaa. Alikuwa akinunua haya yao. Kile kiapo kilikuwa mbwembwe za Fawaz tu, tajiri wake wala hakukihitaji. Mtu mbaya angekula akamkana, lakini wangu walikuwa watu wema, ndiyo maana kura zao zilinunulika kwa hakika namna ile.

Nilitaka kurudi nyumbani nilale. Lakini Safaa aliuliza lililokuwa vinywani mwa wote.

"Ukienda kortini tutatajwa?"

"Nitajitaja mimi, na nitamtaja aliyenipa. Nyinyi sitawataja. Nawaahidi."

"Waapa?" Nasima akauliza.

Hakuna aliyecheka mara hii. Sikuapa. Niliahidi tu, na wao wakakubali kuja kusikiliza. Bi Zubeida aliinuka akishikiliwa, akapita karibu yangu, hakunipa mkono.

Jumatatu nilitia udhu kabla ya kutoka nyumbani, nikatia tena kwenye bomba la uani mwa mahakama.

Chumba kilijaa. Josephat aliketi mbele na suti ya kijivu, akisalimia watu kama yuko harusini. Pembeni yake Fawaz, na pembeni ya Fawaz dada yangu mwenyewe, mama yake, aliyevaa buibui niliyomnunulia Idi. Dada hakunitazama. Wanawake wangu walikuja wote, wakajaza mabenchi mawili ya nyuma.

Nikaitwa. Karani akanyoosha Msahafu, umefungwa kitambaa cheupe.

"Mheshimiwa hakimu," nikasema, "naomba kwanza niufungue."

"Kwa nini, mama?"

"Nataka waliokaa nyuma wauone."

Hakimu akaashiria niendelee. Nikafungua kitambaa, nikauinua Msahafu, nikaufungua maandishi yaonekane. Kisha nikaapa kwamba nitasema kweli tupu.

Nzioka aliuliza vizuri. Nani aliniletea bahasha? Nikamtaja Fawaz, mtoto wa dada yangu, na nikasikia dada akivuta pumzi. Alisema zimetoka kwa nani? Nikamtaja Josephat. Kwa sharti gani? Nikaeleza kiapo, na kitabu cha lori, na watu wakacheka mpaka hakimu akagonga meza. Nikaeleza mpaka mwisho. Waandishi wa habari walikuwa wakiandika kwa kasi.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona Josephat ameacha kutabasamu. Aliinama akamnong'oneza wakili wake, akanong'ona tena. Wakio alikuwa ameshika mikono yake miwili pamoja. Nawaambia kweli, kwa dakika chache niliamini tumeshinda, na mzigo wa miezi sita ukanitoka mabegani.

Nzioka akaketi. Wakili wa Josephat akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Wewe ni mwalimu wa dini, na umeikubalia mahakama kwamba uliwaapisha watu kwa kitabu cha uongo. Leo tukuamini kwa sababu gani?"

"Kwa sababu leo kitabu ni cha kweli. Nyote mmekiona."

Watu wakanong'ona. Wakili alitikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu aliyepokea zawadi, na hapo nikaanza kuogopa.

"Ni kweli, tumekiona," akasema. "Leo umeapa kusema kweli tupu. Basi tutajie majina ya hao wanawake ishirini na watatu."

Nzioka alikuwa ameshasimama. "Pingamizi, Mheshimiwa. Wapokeaji si sehemu ya kesi hii."

"Mheshimiwa, ndiyo kesi yenyewe," mwenzake akajibu. "Mteja wangu anashtakiwa kuhonga watu. Watu gani? Asipowataja, hawapo. Wasipokuwepo, hakuna aliyehongwa, na yote tuliyosikia ni hadithi ya lori."

Hakimu aliandika kitu kirefu. Chumba kizima kilimngoja amalize.

"Pingamizi limekataliwa," akasema. "Shahidi atajibu."

Nilimtafuta Nzioka kwa macho, naye akatazama faili lake. Nikamtazama Fawaz. Hakuwa anacheka. Alikuwa akinitazama kwa huruma, kama alivyokuwa akinitazama akiwa mdogo nikijikata na kisu jikoni.

Nyuma kulisikika benchi likiburutwa. Safaa alikuwa amesimama. Akatoka ameinamisha kichwa, na baada yake wengine, wawili wawili, buibui zikikwaruza mlango. Nasima alikuwa wa mwisho. Alisimama kizingitini, akaniangalia mara moja, akatoka na kuufunga mlango polepole.

Sikuwahi kuwaapia. Niliwaahidi tu. Lakini ahadi ilibaki ahadi, na mkono wangu bado ulikuwa na ubaridi wa jalada la Msahafu wa kweli. Nikinyamaza, Wakio amepoteza kesi na kila bahasha ya kila uchaguzi itakuwa imepona. Nikisema, nimewauza mara ya pili wanawake walewale, na sasa kwa jela.

Mabenchi mawili yalikuwa wazi, isipokuwa pembeni kabisa, alipobaki Bi Zubeida peke yake na mto wake wa magoti. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni siku ile ya kuapa, na nikianza kutaja kwa utaratibu, jina lake ndilo litakalotangulia. Alinitazama, akaweka mkono wake wa kulia kifuani. Sikujua ananiambia nimtaje au ananiomba nimhurumie.

"Mama," hakimu akasema, "umeapa. Jina la kwanza."